Mwangwi Katika Waya wa Kulpeelga

Jumatatu, 7 Januari

Harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi la jangwani, imeshaanza kazi yake. Midomo imepasuka, ubao wa darasani umekuwa mweupe kabla sijaandika hata neno moja, na kidato cha tatu wamerudi kutoka likizo wakinukia moshi wa sherehe. Langoni nimekutana na Mama Lamisi, mwenyekiti wa wanawake wa vitunguu, jembe begani.

"Mdagaaba! Kumbe Krismasi haikukuua?"

"Nife niwaachie nyinyi nyama yote?"

"Nyama gani? Kichwa cha mbwa ulishakimaliza peke yako."

Huu mwaka wa kumi na moja ndivyo ninavyosalimiwa. Babu zao Wafrafra na babu zetu Wadagaaba waligombea kichwa cha mbwa, na hadi leo haijulikani nani alikila, ila kila upande una hakika ni mwenzake. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo sheria, nami naipenda kuliko sheria zote za fizikia ninazofundisha.

Jumanne, 8 Januari

Nimepigilia chuma kipya cha kumfungia nguruwe wangu, nyuma ya mwamba ulio katikati ya bustani. Cha zamani kililegea. Kwanza nilikwenda kuangalia ramani ya waya wa pampu ya bustani kwenye ukuta wa ofisi ya kamati: waya unapita upande wa pili kabisa. Mwalimu wa fizikia hapigilii chuma ovyo.

Jumatano, 9 Januari

Pampu haikuwaka leo. Akolgo, fundi wake, anasema ni vumbi kwenye paneli za sola.

Ijumaa, 11 Januari

Si vumbi. Akolgo aliniomba nipande naye kilimani na kipimo changu. Paneli zinatoa umeme vizuri kabisa, lakini chini kisimani haufiki hata chembe. Waya umekatika ardhini, mahali fulani katika mita mia nne. Kipimo kinasema umekatika, hakisemi wapi.

Juu ya waya huo kuna matuta ya vitunguu ya wanawake kumi na tisa. Vitunguu vina wiki sita tangu vipandikizwe na sasa ndio vinataka kunenepa. Visiponyweshwa vitabaki ukubwa wa kidole gumba, na hapa hakuna zao jingine hadi mvua za Mei. Wanawake wameanza kubeba maji kwa ndoo kutoka kwenye dimbwi la bwawa, mwendo wa nusu saa. Akolgo amewaambia wazi: "Mwisho wa mwezi tukiwa hatujapapata palipokatika, nachimbua mtaro wote. Matuta yaliyo juu yake muyasahau."

Mama Lamisi aliniuliza kama elimu yangu ina dawa. Nikamwambia ina dawa ya kila kitu isipokuwa ulafi wa Wafrafra. Alicheka, lakini hakucheka sana.

Jumatatu, 14 Januari

Somo la leo: saketi. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika kila mwaka: NADHARIA YA MAWIMBI YA SUMAKUUMEME HAIHUSU MKONDO MNYOOFU. Mkondo mnyoofu, yaani umeme wa betri na wa sola, haupandi wala haushuki, basi wimbi litoke wapi? Mawimbi tutayasoma muhula ujao, tukifika kwenye redio.

Atipoka akasimama. Ni mjukuu wa Mama Lamisi, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, anayeandika kwa kalamu ya risasi ili asiharibu karatasi.

"Mwalimu, naomba kupinga."

"Pinga, mtani."

"Ukiwasha swichi kule kilimani, umeme unajuaje kwamba waya umekatika huku bustanini?"

"Saketi ikikatika mkondo haupiti. Basi."

"Haupiti kabisa? Hata ule wa mwanzo? Swichi iko mbali na palipokatika. Nani ameupelekea habari?"

Nikajibu: "Kichwa cha mbwa ndicho kilichoupelekea."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Atipoka naye akacheka, akaketi. Siku nzuri.

Jumanne, 15 Januari

Vumbi. Ndoo.

Alhamisi, 17 Januari

Atipoka amekuja ofisini na karatasi mbili za michoro. Anadai betri ikiunganishwa na waya mrefu, kinachoanza safari ni wimbi. Linakwenda hadi palipokatika, linagonga, linarudi. Anadai tukipima muda wa kwenda na kurudi tutajua mkato uko wapi bila kuchimba tuta hata moja. Nikamwambia, "Wafrafra nyinyi, mkikosa mbwa mtakula hata mawimbi." Akatabasamu, akakunja karatasi zake. Katika jaribio la leo, swali la saketi amelijibu kwa mtindo huohuo. Nimempa sifuri kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 19 Januari

Nimefua. Shati limekauka kabla sijamaliza kulianika.

Jumatatu, 21 Januari

Leo nilimwona Atipoka akiingia darasani miguu imelowa tope hadi magotini. Wanabeba maji kabla ya kengele. Nikamrushia neno: "Mtani, umelala mtoni au ulikuwa unamfukuza mbwa?"

Hakunirudishia.

Alisema, "Shikamoo, Mwalimu," akaketi, akafungua daftari. Miaka kumi na moja hapa, na hakuna mtani aliyewahi kuniachia neno langu likaanguka chini namna ile. Nimefundisha vibaya siku nzima.

Jumatano, 23 Januari

Mama Lamisi amekuja nyumbani kwangu saa kumi jioni akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanyanyua kiganja.

"Mwalimu." Hakusema Mdagaaba. "Leo sikutanii, na wewe usinitanie."

Nikafunga mdomo.

"Mtoto anakuambia jambo, hii siku ya kumi. Kila akisema, wewe unamtupia mbwa. Akipandisha sauti, ataambiwa amemkasirikia mtani, na hilo kwetu ni aibu. Akinyamaza, vitunguu vinakufa. Nakuuliza wewe uliyesoma: apite wapi?"

Nikasema kwamba anachosema Atipoka hakimo kitabuni.

"Umekitazama kitabu au umemtazama yeye ukacheka?"

Akaondoka. Hakugusa hata pito, pombe ya mtama, niliyomtengea. Nimekaa kwenye kigoda kilekile nikiona haya, haya kabisa. Kumbe utani, kitu nilichokipenda kuliko vyote hapa, nimeufanya kuwa ukuta, na mtoto yuko nyuma yake anagonga.

Alhamisi, 24 Januari

Leo nitaandika mengi, kwa sababu sijawahi kuwa na siku kama hii tangu nianze kazi.

Asubuhi nilitoa kitabu changu cha chuo chini ya kitanda, mchwa wameshakula jalada. Nilitafuta jibu la swali moja tu: nani ameupelekea habari? Milinganyo ya sumakuumeme imo yote, na hakuna hata mmoja unaosema "isipokuwa betri". Mahali pote nilipodhani pameandikwa katazo langu, hapakuwa na kitu. Nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu, naye labda alifundishwa hivyo, na sisi sote hatukurudi kutazama.

Baada ya vipindi nikamwita Atipoka maabara. Nikaketi kwenye benchi la wanafunzi, nikampa chaki.

"Nieleze. Sitasema neno."

Alinitazama kwanza, kuona kama ni mtego. Kisha akaeleza.

"Umeme unapoingia kwenye waya, Mwalimu, haujui mbele kuna nini. Hauwezi kujua. Kwa hiyo unaingia tu, kwenye waya mzima na kwenye waya mbovu, sawasawa. Unakwenda kuangalia. Ukikuta mwisho umekatika, unarudi na habari. Baada ya hapo ndipo mambo yanatulia, na sisi tunapima kwa kipimo tunasema: mkondo haupiti. Lakini tumechelewa. Tumefika kwenye mazishi tukadhani marehemu hakuwahi kuishi."

Niliomba arudie sentensi ya mwisho niiandike. Nimeiandika.

Kisha akanionyesha alivyopanga. Stoo ya shule kuna kipande cha waya uleule wa pampu kilichobaki, mita hamsini. Na maabara yetu ina oskiloskopu moja nzito kama mtoto wa ng'ombe, ile inayochora umeme kwenye kioo. "Tupime kwanza mwangwi wa mita hamsini," akasema. "Halafu tupime wa bustani, tugawanye. Hatuhitaji hata kujua kasi."

Mimi nikapinga, kwa adabu safari hii. Nikasema kioo chetu ni cha zamani, hakiwezi kushika tukio la mara moja. Itabidi tuwashe na kuzima betri maelfu ya mara kwa sekunde. "Na tukifanya hivyo," nikasema, "si utakuwa mkondo geu tena, ule wa kupanda na kushuka?"

"Akolgo huwasha pampu kila asubuhi na kuizima kila jioni, mwaka mzima. Je, huo ni mkondo geu?"

"Hapana."

"Basi mimi naharakisha asubuhi, ili macho yetu yaione."

Nikaunga mwenyewe saketi ndogo ya kuwasha na kuzima. Tulipoiunganisha na ule waya wa mita hamsini, ncha yake ikiwa wazi, mstari wa kijani ukapanda nusu, ukatembea ukiwa umelala kwa upana wa kisanduku kimoja cha kioo, kisha ukapanda nusu nyingine. Ngazi yenye vidato viwili. Kidato cha kwanza ni umeme ukienda bila kujua. Kidato cha pili ni umeme ukirudi na habari.

Betri ya kawaida. Waya uliokatika. Na wimbi hilo hapo, linapanda mbele ya macho ya mtu aliyelikana miaka kumi na moja.

Halafu nikasema, "Atipoka, hili ni jambo zuri sana." Yeye alikuwa anaandika kipimo, kwa kalamu ya risasi.

Ijumaa, 25 Januari

Tumeibeba oskiloskopu hadi kilimani kwa punda wa Akolgo. Akolgo mwenyewe alifuata akicheka: kwa nini tusimwite na mganga kabisa. Tuliinama wote wawili chini ya kanga ya Mama Lamisi ili mwanga wa jua usifiche mstari. Kidato cha pili kilikuja mbali, baada ya visanduku vinne na robo tatu. Mita mia mbili thelathini na saba kutoka kwenye paneli.

Tukanyoosha kamba kwa kufuata ramani. Ikaishia katikati ya tuta la Mama Lamisi mwenyewe.

"Chimbeni," akasema. Alisema haraka, kama mtu anayekubali kudungwa sindano.

Jumamosi, 26 Januari

Tulianza saa moja asubuhi. Atipoka ndiye aliyeng'oa vitunguu vya bibi yake, kimoja kimoja, akivipanga kwenye beseni. Vidogo, majani yameanza kuwa ya njano. Wanawake walisimama na ndoo zao wakitazama. Akolgo akachimba hadi kiunoni.

Hakuna mkato. Na hakuna waya. Udongo mtupu.

"Haya," Akolgo akasema, akipangusa jasho. "Wimbi limekula na waya wenyewe. Jumatatu nachimbua mtaro wote."

Wanawake hawakumzomea Atipoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, machozi yanamtoka bila sauti. Watu wakanigeukia mimi. Nilijua wanachosubiri: mtani aseme neno, kicheko kije, jambo liishe.

Nikasema, "Hesabu ya Atipoka ni sahihi. Nimeiona kwa macho yangu. Kama waya haupo hapa, basi ramani ndiyo inayodanganya."

Nikamwendea Mama Lamisi. "Mama, mtaro ulipochimbwa ulikuwepo?"

"Tulichimba sisi. Nani mwingine angechimba?"

"Waya ulipita wapi?"

Akanitazama kitambo. "Sasa ndiyo umeuliza."

Hakunyoosha kidole. Ule mwamba wa katikati ndipo tendaana, mwenye ardhi, anapotoa sadaka, na hapa mtu haelekezi kidole mahali pale wala hapazungumzii bila sababu. Mafundi wa mjini walichora mstari ulionyooka na kuondoka. Wanawake walipofika karibu na mwamba wakapindisha mtaro, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, na kila mtu Kulpeelga anajua isipokuwa karatasi. Na mimi, ambaye sikuwahi kuuliza.

Mama Lamisi akatembea tu. Sisi tukamfuata, Atipoka akilaza kamba kwenye nyayo zake: kutoka kwenye paneli, sawasawa na ramani hadi karibu na mwamba, kisha kushoto, kisha kuuzunguka kwa nyuma. Nilikuwa nimeshika gurudumu la kamba. Nilipoinua macho nikamwona nguruwe wangu, ananitazama.

Mita mia mbili thelathini. Mia mbili thelathini na tano. Kamba ikaisha hatua moja kutoka kwenye chuma changu.

Nikamfungua nguruwe mwenyewe, nikachukua jembe kutoka kwa Akolgo, nikachimba. Urefu wa mkono chini, chuma changu kilikuwa kimepita katikati ya waya mmoja na kuukata vipande viwili, safi kama kwa kisu. Hakuna tuta lililokuwa karibu. Tusingeng'oa hata jani.

"Ni mimi," nikasema. "Tarehe nane. Nilitazama ramani."

Ndipo Mama Lamisi alipokaa chini kwenye vumbi, akajishika mbavu na kuanza kucheka, na wengine wakafuata hadi ndoo zikaanguka. Wakacheka wakilia. Akolgo alilala kifudifudi. Nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini?

Atipoka hakucheka. Alikuwa amepiga magoti shimoni, ameshika ncha mbili za waya mikononi, anazitazama kwa furaha ambayo haikuhitaji mtu yeyote.

Saa tisa alasiri pampu ikawaka.

Jumatatu, 28 Januari

Nimefuta sentensi yangu ubaoni mbele ya darasa zima. Nikasema, "Nilikosea. Atipoka alisema kweli tangu siku ya kwanza nami nikamcheka." Bila mbwa, bila chochote. Kisha nikaandika: NADHARIA NI ILEILE. MKONDO MNYOOFU NI MAHALI AMBAPO MAWIMBI YAMESHATULIA.

Atipoka akanyanyua mkono. "Na yakishatulia, Mwalimu, taa inayowaka inapata nguvu kupitia wapi?"

Nikawaambia nilichosoma Jumapili nzima: kwamba hata hapo uga wa umeme na uga wa sumaku unabaki umeuzunguka waya, na nguvu inasafiri ndani ya uga huo, nje ya shaba, kwa milinganyo hiyohiyo. Nikakiri kwamba nami nimejua jana. Sifuri nimeifuta.

Ijumaa, 1 Februari

Nguruwe amechinjwa. Nyama imekwenda kwa wanawake wa vitunguu, paja zima kwa Mama Lamisi aliyepoteza robo ya tuta lake.

Alhamisi, 7 Februari

Majani yamesimama tena. Kijani kinaonekana hata kutoka kilimani.

Jumatano, 13 Februari

Kila mtu ananitania: nguruwe, chuma, ramani. Akolgo anataka kunipa cheo cha fundi mkuu wa kukata nyaya. Lakini Atipoka bado ananiita "Mwalimu" kwa heshima tupu, macho chini. Heshima hiyo inaniumiza. Ninaistahili, ndiyo maana inauma.

Anafanya kazi ya ajabu. Juzi alipima uzio wa shule, leo waya wa kengele. Ameandika jedwali la mwangwi la kila waya uliopo kijijini. Nimefundisha watoto mia saba hapa. Kabla yake sikuwahi kumfundisha hata mmoja aliyenifundisha.

Jumatatu, 18 Februari

Upepo umepungua. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 23 Februari

Mavuno. Vitunguu vimeenea chini kama zulia jekundu, vingi ukubwa wa ngumi. Nilibeba magunia hadi mgongo ukagoma, watu wakasema Mdagaaba hubeba tu kinacholiwa.

Jioni, jua bado liko juu, Atipoka amekuja mlangoni kwangu na bakuli lililofunikwa kwa kawa.

"Bibi amesema upokee."

Nikafunua. Ndani, juu ya ugali wa mtama, kilikuwepo kitunguu kimoja kikubwa kuliko vyote nilivyoviona leo. Kimechongwa pua. Kimetobolewa macho mawili. Majani mawili yamechomekwa juu yawe masikio, moja limesimama, jingine limelala.

Kichwa cha mbwa.

Nilinyanyua uso. Atipoka alikuwa ameuma mdomo, mabega yanatikisika.

"Bibi amekichonga?" nikauliza.

"Bibi amepika ugali tu." Kisha, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Januari: "Kile cha mwisho ulikila peke yako, Mdagaaba. Hiki ukikila, tutapima mwangwi wake tumboni tujue kimefika wapi."

Nikacheka hadi nikaegemea ukuta. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Yeye alishafika langoni akicheka kwa sauti, sauti ambayo sikujua kama anayo.

Ugali nimeumaliza. Kitunguu nimekiweka dirishani, karibu na kitabu kilicholiwa na mchwa. Bakuli nitamrudishia kesho bila kuliosha, ili apate la kunitania.